Kutolewa mirija ya uzazi kabla ya IVF: kinachoondoka, kinachobaki, na ya kuamua kabla ya nusu kaputi

Mwanamke anayetafuta mtoto akiambiwa kwamba mirija yake itolewe kwanza kabla ya IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili, maneno hayo humchoma kwa sababu yanakwenda kinyume na alichokifuata. Alikuja kliniki apate mimba, sasa anaambiwa kiondolewe kiungo alichofundishwa tangu shuleni kwamba ndimo mimba hutungwa. Mara nyingi anaelezwa harakaharaka, kati ya kipimo kimoja na kingine, na fomu ya ridhaa inafika mkononi kabla maswali hayajamtoka. Makala haya ni kwa ajili yake na mwenzi wake, ili siku ya kusaini wajue wanasaini nini.

Tuanze na mrija wenyewe. Kila mmoja una urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi. Upande wa ndani umeingia kwenye kona ya mji wa mimba, na hapo tundu lake ni jembamba sana. Upande wa nje unapanuka na kuishia kwenye vidole vyororo vinavyodaka yai linapotoka kwenye ovari. Yai na mbegu hukutana katika ile sehemu pana, jirani na vidole hivyo. Maambukizi yakipita humo, vidole hunata na mlango wa nje hufunga. Wahusika wakuu ni klamidia na kisonono, lakini kifua kikuu cha via vya uzazi, kidole tumbo kilichopasuka, au maambukizi baada ya mimba kuharibika navyo vinaweza kufanya hivyo. Utando wa ndani unaendelea kutoa majimaji yake kama kawaida, majimaji hayana pa kutokea, mrija unatuna. Kwenye ultrasaundi unaonekana kama soseji nyeusi iliyojikunja pembeni ya ovari. Daktari ataandika haidrosalpinksi kwenye faili. Wagonjwa wengi husema tu mirija imejaa maji.

Wanawake wengi wanaokutwa na hali hii hawakumbuki kuumwa. Klamidia hasa hupita kimyakimya: hakuna homa, hakuna uchafu wa kutisha, na miaka inapita ndipo kipimo kinaonyesha kovu. Kwa hiyo kufukua nani alimwambukiza nani hakusaidii kitu, na kumeumiza ndoa nyingi bila sababu. La maana leo ni wote wawili wapimwe, na kama kuna maambukizi yaliyo hai, watibiwe kwa pamoja kabla ya mtu yeyote kushika kisu.

Kwa nini isiachwe tu?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na linastahili jibu kamili. IVF inaruka mirija: yai linachukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye ovari, linarutubishwa maabara, na kiinitete kinawekwa kwenye mji wa mimba. Mirija haina kazi yoyote hapo. Sasa iondolewe ya nini?

Ni kwa sababu mrija uliojaa maji umefunga upande wa nje, lakini upande wa ndani mara nyingi uko wazi. Maji yale hurudi nyuma, yakichuruzika ndani ya mji wa mimba kidogokidogo, wakati mwingine kwa wingi kiasi cha mwanamke kutokwa na majimaji mepesi ukeni bila kujua yanatoka wapi. Yamebeba mabaki ya uchochezi wa muda mrefu, na hayana virutubisho ambavyo kiinitete kinahitaji. Yanaweza kukisukuma kiinitete kabla hakijajishikiza, na yanaufanya ukuta wa mji wa mimba usikipokee vizuri. Wanawake wenye mirija iliyojaa maji hupata mimba kwa IVF kwa takriban nusu tu ya kiwango cha wenzao ambao mirija yao imeharibika lakini haina maji, na mimba zinazopatikana huharibika karibu mara mbili zaidi.

Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa vituo kadhaa vya nchi za Skandinavia, ukiongozwa na Annika Strandell, ambapo wanawake waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walitolewa mirija kabla ya IVF, wengine hawakutolewa. Waliofaidika zaidi walikuwa wale ambao maji yao yalionekana kwenye ultrasaundi, hasa yalipokuwa pande zote mbili. Hapo ndipo penye uzito wa uamuzi wako. Mrija uliojaa maji ni zaidi ya barabara iliyofungwa ambayo unaweza kuizunguka na kuisahau. Unaharibu pale pale kiinitete kinapotakiwa kukaa.

Kwa mantiki hiyohiyo, si kila mrija ulioziba unatakiwa kutolewa. Mrija ulioziba kwenye kona ya ndani na usio na maji haumwagi chochote, na kuutoa hakuongezi kitu. Tena kuziba kwa ndani kunakoonekana kwenye HSG, ile eksirei ya mirija inayopigwa kwa dawa, wakati mwingine ni msuli tu uliobana kwa maumivu siku ile. Kabla hujakubali kisu, uliza kwa maneno haya: umeziba wapi, una maji au hauna, na yanaonekana kwenye ultrasaundi ya ukeni au kwenye HSG peke yake? Omba uonyeshwe picha. Daktari makini ataiweka skrini mbele yako na kukufuatisha kwa kidole. Na kama HSG yenyewe ndiyo imefichua mrija uliotuna, usiondoke bila kuulizia antibiotiki. Dawa iliyosukumwa humo inaweza kuamsha maambukizi ya zamani, ndiyo maana kawaida hutolewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 5.

Njia nyingine zilizopo

Kufungua mdomo wa mrija na kuushona nje ili maji yatoke kunawezekana pale uharibifu ulipo mdogo na utando wa ndani ukiwa bado mzima. Kwa mrija uliotuna sana ni kujipa matumaini hewa: hufunga tena, na ukibaki wazi huleta hatari ya mimba kutunga nje ya kizazi. Kuyanyonya maji kwa sindano siku ya kuchukua mayai ni rahisi, ila maji hurudi upesi, mara nyingine hata kabla ya siku ya kupandikiza. Wapo wanaoyanyonya kisha wanaingiza alkoholi kali ili kuta za mrija zigandane. Hii huwafaa zaidi wale ambao upasuaji ni hatari kwao.

Mshindani wa kweli wa kutoa mrija ni kuubana upande wa ndani, kwa klipu au kwa kuuunguza na kuukata karibu na mji wa mimba. Maji yanabaki kwenye mrija lakini hayashuki tena. Hutumika pale tumbo lilipojaa makovu, utumbo umegandana na ovari, na kung'ang'ania kutoa mrija mzima kunaweza kutoboa utumbo au kuua mishipa ya damu. Ukiamka ukaambiwa "tumebana tu, hatukutoa," usidhani umefanyiwa nusu kazi. Kwa IVF lengo lilikuwa kuzuia maji, na limefikiwa. Kasoro yake ni kwamba mrija uliobaki unaweza kuendelea kutuna na kuuma, na baadhi hurudi chumba cha upasuaji kwa ajili hiyo.

Mambo ya kuamua ukiwa macho

Huzuni nzito zaidi baada ya upasuaji huu humpata yule aliyeamka na kukuta jambo ambalo hakulizungumza. Alidhani ni mrija mmoja, imeondoka miwili. Alidhani miwili, daktari aliacha mmoja na sasa hajui kama aanze IVF au asianze. Haya yanazuilika kwa mazungumzo ya nusu saa na mistari michache kwenye fomu.

Cha kwanza ni upande wa pili. Kamera ikiingia tumboni, daktari anaona mambo ambayo picha hazikuonyesha. Mjadili mapema: mrija wa pili ukikutwa umeharibika, utolewe hapohapo, au aishie hapo muongee ukiwa umeamka? Hakuna jibu moja linalowafaa wote. Mwanamke wa miaka 29 mwenye mrija wa pili wenye kovu dogo ana sababu ya kuuacha, kwa kuwa kuondoa ule mbovu peke yake kumewahi kuwafungulia baadhi ya wanawake mimba ya kawaida kupitia ule uliobaki. Mwenye miaka 39 na mirija miwili iliyojaa maji anapoteza muda kwa kusubiri upasuaji wa pili. Kinachotakiwa ni uamuzi wako uandikwe kwa maneno ya wazi, kama "mrija wa kulia tu" au "na wa kushoto endapo utakutwa na maji", siyo "kadiri daktari atakavyoona inafaa".

Cha pili: makovu yakizuia kutoa, unakubali mrija ubanwe?

Cha tatu ndicho kinachosahaulika zaidi: kipi kitangulie, upasuaji au kuchukua mayai. Damu ya ovari kwa sehemu hupita kwenye utando mwembamba unaoshikilia mrija. Daktari akikata akiuambaa mrija wenyewe, mishipa hiyo hubaki salama. Akikata mbali, au akiunguza sana, ovari inaweza kukosa sehemu ya damu yake. Kwa mwanamke mwenye akiba nzuri ya mayai, upasuaji uliofanywa vizuri kwa kawaida hauonyeshi tofauti kubwa anapochomwa sindano za kukuza mayai. Lakini mwenye akiba ndogo hawezi kumudu kupoteza hata kidogo. Kwa hiyo pima AMH, homoni ya damu inayoonyesha akiba ya mayai, na hesabu vifuko vya mayai kwa ultrasaundi, kabla ya upasuaji, siyo baada. Namba zikiwa chini, au umri ukiwa umesonga, inafaa kuchukua mayai kwanza, kutengeneza viinitete na kuvigandisha, kisha mirija itolewe, na kiinitete kipandikizwe mwili ukishapona. Tahadhari ya njia hii ni sindano ya kuchukulia mayai: isipite ndani ya mrija wenye maji, maana huweza kuleta usaha tumboni. Kliniki nyingi hutoa antibiotiki siku hiyo.

Muulize pia daktari kuhusu kisiki, kile kipande kinachobaki kwenye kona ya mji wa mimba. Kikiachwa kirefu, kinaweza kujaa maji tena au kushika mimba mahali pasipotakiwa. Akichimba ndani ya ukuta wa mji wa mimba ili asiache chochote, ukuta unadhoofika na unaweza kupasuka mimba ikikua. Kinachotafutwa ni kukata karibu na kona bila kuingia ndani ya msuli. Swali hili halimkasirishi daktari anayeijua kazi yake.

Siku yenyewe na wiki zinazofuata

Chakula kinasimama saa 6 kabla ya nusu kaputi, maji matupu saa 2 kabla, isipokuwa umeelekezwa vingine. Utapimwa mimba asubuhi hiyo. Kipimo hicho huumiza wengine kwa namna ya pekee, basi jua mapema kwamba kipo. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili kamera ione, kisha hutobolewa matundu 3 au 4 ya milimita 5 hadi 10, moja likiwa kwenye kitovu. Kazi huchukua dakika 45 hadi 90 kama hakuna makovu mengi. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Mirija hupelekwa maabara kuchunguzwa, na majibu hayo yafuatilie mpaka yafike. Ndiko kifua kikuu kilichojificha kinakogundulika mara nyingine, na hicho lazima kitibiwe kabla ya kupandikiza.

Maumivu yanayowashtua wengi ni ya bega. Gesi iliyobaki huchokoza kiwambo cha kifua, na neva zake hupeleka maumivu begani. Huisha ndani ya siku 1 hadi 3, na dawa yake nzuri ni kuamka na kutembea polepole kuanzia jioni ileile. Parasetamo na ibuprofeni kwa saa, bila kusubiri maumivu yapande, hutosha kwa wengi; tramadoli na jamaa zake hufunga choo, na kusukuma choo kigumu ukiwa na mshono ni adhabu, basi kunywa maji ya kutosha na uombe kilainishi. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto tumboni. Damu kidogo ukeni kwa siku chache ni ya kifaa kilichoshikilia mji wa mimba. Kazi ya mezani huwezekana baada ya wiki 1 hadi 2. Kubeba vizito subiri wiki 3 au 4.

Rudi hospitali haraka ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, tumbo linalozidi kuvimba, kutapika kusikokoma, mkojo kukataa kutoka, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya pili badala ya kupungua. Hilo la mwisho lisipuuzwe hata kidogo. Utumbo uliojeruhiwa huweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kujitangaza, na kila saa ina uzito.

Usiondoke bila nakala ya ripoti ya upasuaji na picha zilizopigwa. Kliniki ya IVF itataka kujua upande upi ulitolewa, kisiki kikoje, ovari zimekaa wapi na makovu yapi yamebaki. Hakikisha pia faili linasema mirija ilitolewa kwa sababu ya ugonjwa; muuguzi wa mbele atakayesoma "amefunga kizazi" anaweza kukuuliza swali litakaloharibu siku yako.

Huzuni

Tuwe wakweli: hata mwanamke aliyejua kwa miaka kwamba mirija yake haifanyi kazi, bado alikuwa na tumaini dogo kila mwezi hedhi ilipochelewa. Mirija yote miwili ikiondoka, tumaini hilo linaondoka nayo. Huo ni msiba, japo hauna matanga. Anayekwambia "si haikuwa inafanya kazi hata hivyo" hajaelewa kilichopotea. Unaweza kulia na bado ukawa umeamua sawasawa, na mwenzi wako anaweza kuhuzunika kwa mwendo tofauti: wengine hulia kabla, wengine miezi baadaye, wakati wewe umeshaanza kutulia.

Kuna siku zinazojulikana kuwa ngumu, na ni afadhali zisikukute peke yako: siku majibu ya maabara yanapotoka, hedhi ya kwanza, na mara ya kwanza kujaza fomu inayouliza kuhusu upasuaji uliowahi kufanyiwa. Kwa ndugu, amueni mapema nyie wawili nani aambiwe na kwa maneno gani. "Nilifanyiwa upasuaji mdogo wa tumbo, naendelea vizuri" ni jibu kamili kwa mama mkwe au wifi ambaye hukupanga kumweleza. Usingizi na hamu ya kula vikikosekana kwa wiki zaidi ya mbili, tafuta mshauri nasaha kabla ya kuanza sindano, maana dawa za IVF zenyewe huyumbisha hisia.

Kinachobaki nacho kijulikane. Mirija haitengenezi homoni. Hedhi inaendelea, ovari zinaendelea kutoa yai, yai linaangukia tumboni na kufyonzwa bila madhara. Tendo la ndoa halibadiliki mwili ukishapona, na kukoma hedhi hakuharakishwi kwa sababu ya kukosa mirija. Uwezekano wa kupata aina ya saratani ya ovari iliyo kali na ya kawaida zaidi hupungua, kwa kuwa mara nyingi saratani hiyo huanzia kwenye vile vidole vya mrija.

Na kuna jambo la kihistoria ambalo kila mwanamke katika hali hii anastahili kulijua. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani wa IVF, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Katika barua yao fupi kwa jarida la The Lancet, Patrick Steptoe na Robert Edwards walieleza kwamba Agosti 1977 mama huyo alifanyiwa upasuaji ulioondoa mabaki ya mirija yake yote miwili na kuziweka ovari mahali zinapofikika. Novemba ya mwaka huohuo yai lake likachukuliwa. Yaani tiba hii ilianza kuzaa matunda kwa mwanamke aliyetolewa mirija miezi michache kabla.

Kurudi kwenye IVF

Wengi huanza sindano, au kupandikizwa kiinitete kilichogandishwa, baada ya hedhi 1 au 2. Aliyechomwa methotrekseti kwa ajili ya mimba iliyotunga nje ya kizazi hushauriwa kusubiri miezi 3. Asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku ianze sasa, siyo siku ya kipimo. Maji yakigunduliwa katikati ya sindano, kwa mwanamke ambaye hakujulikana kuwa nayo, mzunguko hauharibiki: mayai yanachukuliwa, viinitete vinagandishwa, kupandikiza kunaahirishwa hadi mrija ushughulikiwe. Kukubali kupandikizwa huku maji yakionekana ndani ya mji wa mimba, kwa sababu tu tarehe imefika, ni kupoteza kiinitete kizuri.

Kutoa mirija hakukupi zaidi ya nafasi ya mwanamke wa umri wako asiye na maji. Ubora wa mayai, mbegu na viinitete bado una neno lake, na mzunguko ukishindikana baada ya upasuaji haimaanishi upasuaji ulikuwa bure.

Kipimo kikisoma mimba, panga ultrasaundi ya wiki ya 6 hadi ya 7 hata kama huna mrija hata mmoja. Mara chache kiinitete hujishikiza kwenye kisiki au kwenye kona ambayo mrija ulipitia, na mimba ya hapo ikipasuka hutoa damu nyingi kwa muda mfupi. Ukipata maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu, au maumivu ya bega wakati huo, nenda kitengo cha dharura, na sema mambo mawili kwa pamoja: nimepandikizwa kiinitete tarehe fulani, na nimetolewa mirija. Ukisema la pili peke yake, anayekupokea anaweza kudhani mimba ya nje ya kizazi haiwezekani kwako.